Fyuzi Iko Mfukoni Mwangu

Jumanne, mkesha wa Krismasi. Alasiri.

Mvua tangu alfajiri. Inapungua, inarudi, inapungua tena, na bati la kibanda changu hapa Gongoni linavuja palepale linapovuja kila masika, juu ya redio za watu. Nimezisogeza redio. Nimefunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo fundi mwenye akili halifanyi siku kama ya leo, kila mtu anapotaka redio yake iimbe kesho. Wawili wameshabisha hodi wakaondoka wakinung'unika. Waende tu. Leo nikishika chuma cha kuchomelea nitajiunguza mwenyewe.

Naogopa. Naliandika neno hilo mapema ili nisije nikalizunguka.

Mezani, kando ya daftari hili, kuna fyuzi moja ya kauri, nyeupe, inaenea kiganjani. Si yangu. Nimeichomoa leo mchana kwenye ukuta wa parokia kule Chemchem, nikaitia mfukoni na kuondoka nayo mbele ya umati mzima. Hakuna aliyeniona. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba hakuna aliyeniona.

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana kichwani mwangu mambo yote yanapiga kelele kwa pamoja.

Mwezi uliopita Sista Agripina, yule mtawa anayewafundisha wasichana kuimba, alikuja hapa kibandani na mwavuli wake mweusi. Kila mwaka parokia hujenga pango la Krismasi uwani, kibanda cha nyasi chenye sanamu za udongo: Mariamu, Yosefu, ng'ombe, na mtoto horini. Watu huja, hutazama, huondoka. Mwaka huu Sista alitaka kitu kingine.

"Fundi Sudi," akaniambia, "nataka pango liwaitikie watu. Mtu akija kumsalimu Mtoto, Mtoto naye amjibu."

Nilicheka mbele yake. Alipoondoka, sikufanya kazi nyingine siku ile. Nilichora. Nimetengeneza redio miaka kumi na tisa, na redio ni kitu cha kuponya tu, unakikuta kimekufa unakirudisha kilivyokuwa. Hapa nilikuwa naambiwa niumbe kitu ambacho Tabora haijakiona. Watu wa barazani walinitania sana. Sudi umebatizwa lini? Sudi, Mungu akikuuliza ulikuwa wapi Krismasi utasema ulikuwa nyuma ya ng'ombe? Nikawajibu kwamba umeme hauna dini. Nilijiona nimesema jambo la maana sana. Nililirudia kwa siku tatu.

Kitu chenyewe ni hivi. Mbele ya pango nimeweka bati bapa lililopakwa rangi ya kijani, lifanane na majani. Chini yake kuna springi nne za viti vya baiskeli. Mtu akikanyaga, bati linashuka kidogo na kugusana na bati jingine lililofichwa chini, umeme unapita. Hapo globu ndogondogo zinawaka kuzunguka pango, nilizipaka rangi moja moja kwa mkono wangu, nyekundu, njano na kijani, na nyota ya juu kabisa. Wakati huohuo kinasa sauti cha Sista kinaanza kuzunguka, na wasichana wake wanaimba. Sauti huanza nzito kama ng'ombe aliyeamshwa, kisha hunyooka. Mtu akishuka, taa zinazimika na wimbo unakatika. Anayefuata akikanyaga, wimbo unaendelea pale ulipoishia. Ukitaka kuusikia wote inabidi watu wafuatane. Sista aliposikia hivyo machozi yalimtoka.

Sasa nifike mahali pabaya.

Mchoro wangu wa kwanza haukuwa hivi. Kwenye mchoro wa kwanza, umeme wa nyumba haukukaribia lile bati hata kidogo. Bati lilikuwa lipitishe nguvu ya betri za tochi tu, ambayo haiwezi kumuumiza hata kifaranga, na hizo betri zingeamsha kidude cha sumaku kilichofungiwa ndani ya sanduku mbali kabisa, nacho ndicho kingewasha taa. Kidude hicho nilishakitengeneza, kimo kwenye droo ya meza hii. Kilihitaji betri sita.

Betri, kila mtu anajua, hakuna. Duka la ushirika lina rafu tupu na karatasi ya mwenge wa uhuru. Nilimwambia Sista betri hazipatikani nchi nzima. Akashusha pumzi. "Basi Fundi, fanya unavyoweza." Nami nikafanya nilivyoweza: nikaupitisha umeme wa nyumba moja kwa moja kwenye bati.

Hazipatikani nchi nzima, isipokuwa chini ya kitanda changu.

Zimo sita kwenye kopo la majani ya chai, mpya, nimezifunga kwa kitambaa. Nilizipata kwa kujuana na nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya redio yangu ya mkono. Umeme ukikatika jioni, wanaume wote wa baraza hukusanyika kwangu kusikiliza taarifa ya habari, na mimi ndiye ninayeshika kitufe. Bila redio ile mimi ni mtu wa kawaida tu mwenye kibanda kinachovuja. Kwa hiyo nilimdanganya mtawa. Hata Mwanaidi, mke wangu, hajui kama kopo lile lina betri.

Nilijituliza kwa hesabu hii: Wakristo huingia kanisani na viatu. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Sisi tunavua, wao hawavui. Na kiatu, hata kandambili, hata yale makubazi ya tairi la gari, ni mpira, na mpira unazuia. Juu ya hapo kuna rangi ya mafuta, niliyoipaka mikono miwili. Nikaona inatosha.

Jana tulijaribu. Wasichana wa Sista walipita mmoja mmoja na viatu vyao vyeupe, taa zikawaka, wimbo ukaimba, watu wa jirani wakapanda juu ya ukuta kutazama. Msichana mmoja akaruka kando akicheka: "Sista, linatekenya!" Kiatu chake kilikuwa kimetoboka chini. Wote wakacheka.

Nami nilicheka. Na nilijua ni kitu gani kilichomtekenya.

Nimeandika. Hakuna mtu duniani anayejua hilo ila mimi na daftari hili. Nilijua tangu jana, nikasema moyoni nitapaka mkono wa tatu wa rangi. Mvua haikuniruhusu. Au niseme kweli: sikutaka kurudi kuliharibu jambo ambalo kila mtu alikuwa analisifu. Hata katibu wa tawi la chama ameahidi kuja kesho kuonyesha watu jinsi fundi wa hapahapa alivyojitegemea bila kuagiza kitu nje.

Leo saa saba nilikuwa nakula. Mwanaidi akaingia ameloa, anatoka kwa dada yake Chemchem, anacheka peke yake huku akikamua khanga.

"Baba Zuhura, wageni wa pango lako wameshafika. Lori zima kutoka Puge, wale wa kijiji cha Ujamaa. Nimewakuta bombani."

"Wanakunywa maji?"

"Wananawa miguu. Wanawake wote. Mmoja kaniomba ndoo, nikampa, wakachukue maji mengine ya kunawia mlangoni. Nikamwuliza mnanawa mnakwenda wapi? Kanijibu, mama, tumetoka njiani, tutamwendeaje mtoto mchanga na miguu ya njia?"

Nikarudisha tonge sahanini.

Mimi najua desturi hiyo. Ni ya kwetu sote hapa, Mwislamu, Mkristo, mwenye kufuata mizimu. Babu yangu, aliyekuja na misafara kutoka pwani akabaki, alikuwa akisema Tabora ilijengwa na watu waliochoka miguu. Anayetoka njiani amebeba vumbi la njia na joto la njia, na hamkaribii mtoto mchanga mpaka avue viatu na kunawa. Akifika hupiga magoti, hupiga makofi taratibu, huweka alichokuja nacho. Zuhura alipozaliwa nilikuwa nimetoka Nzega kwa baiskeli, na mama mkwe wangu alinizuia mlangoni na kata ya maji. Nilinawa mimi mwenyewe. Ningewezaje kusahau?

Nilisahau kwa sababu mimi nilikuwa natengeneza taa za sanamu. Wao walikuwa wanakuja kumwona mtoto.

Miguu mitupu, imelowa. Magoti yamelowa. Viganja vimelowa. Na chini bati limelowa, na ndani ya bati mna umeme wa nyumba nzima.

Sikumbuki nilimwambia nini Mwanaidi. Nakumbuka baiskeli ilinitelezea mara mbili, na mara ya pili niliangukia goti na sikuhisi kitu. Nilikuwa nasema Ya Rabi, Ya Rabi, na katikati nilikuwa nahesabu kama mwendawazimu: wanawake wangapi wanaingia kwenye lori? Nani atatangulia? Watamvuta mwenzao kwa mikono, maana hawajui. Watashikana na watanasa wote.

Nilipoingia uani, umati ulikuwa umejaa mpaka langoni. Taa zilikuwa zinawaka! Wimbo ulikuwa unaimba. Nikanyanyuka kwa vidole kutazama, nikamwona aliyesimama juu ya bati ni mwanamume, kiongozi wa kwaya yao, anaitwa Masanja. Ana makubazi ya tairi. Wanaume walitangulia bila kuvua, wanaume siku zote wana haraka. Nyuma yake wanawake walikuwa wamejipanga, makubazi yao yamewekwa safu nzuri ukutani, na ndoo ya Mwanaidi iko chini. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mdogo wa umbo, mkavu, mwenye khanga mbili safi, ameshika kitu kiganjani. Miguu yake ilikuwa inachuruzika maji.

Masanja akashuka. Taa zikazimika. Bibi akasogea.

Ningepiga kelele. Mtu yeyote mwingine angepiga kelele. Lakini sanduku la fyuzi liko kwenye ukuta wa nyumba ya padre, hatua tano kutoka pale niliposimama, na miguu yangu ilikwenda. Nilifungua kifuniko, nikaishika fyuzi ya pango kwa mkono uliolowa, umeme ukanipiga mpaka begani, nikaing'oa.

Nikageuka. Bibi alikuwa amekwisha kupiga magoti juu ya bati.

Yu hai. Nilitazama mgongo wake mpaka nikauona unapumua. Yu hai, yu hai. Nilijiegemeza ukutani, na maji ya mvua yakaniingia shingoni, na nilitaka kucheka.

Akapiga makofi, taratibu, kwa sauti kavu, kile alichokishika kikiwa kati ya viganja, kama wanavyofanya wao mbele ya mtu wa heshima. Akangoja.

Pango likakaa kimya.

Akapiga makofi tena. Akasema kitu kwa Kinyamwezi, sauti ndogo ya kubembeleza. Akasogeza magoti yake mbele kidogo, labda alidhani hakukaa mahali panapotakiwa. Nyuma yake wote walikuwa wamewaona wanaume wakiitikiwa, mmoja baada ya mwingine, taa na wimbo. Sasa ilikuwa giza na mvua tu.

Hapo ndipo ilipotakiwa niseme. Maneno yalikuwa matano au sita. Fyuzi ninayo mimi, bati lina hatari. Lakini nikawaza: nikisema bati lina hatari, wataniuliza tangu lini, na nani aliliweka. Mwislamu aliyewategea Wakristo bati la kuua, siku ya mkesha wao. Nani atanisikiliza nikieleza habari za viatu? Na wakiuliza kwa nini sikutumia betri? Nikiwaza hivyo, ulimi ukanitangulia, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake:

"Umeme umekatika. Poleni jamani, umeme umekatika."

Masanja akanitazama. Halafu akainua mkono, akanyoosha kidole barazani kwa padre. Globu ya barazani ilikuwa inawaka, kwa sababu ya kiza cha mvua waliiwasha tangu asubuhi.

"Mbona ule upo, Fundi?"

Nilitazama ile globu kama naiona mara ya kwanza. Nikamsikia mwanamke mmoja safuni akimwambia mwenzake, wala si kwa kunong'ona:

"Hata mtoto kamkataa."

Mwenzake akaguna tu. Lakini mguno ule ulipita safu nzima, niliuona ukipita, kila mmoja akirudi nyuma nusu hatua.

Bibi akafumbua kiganja. Alikuwa ameshika uzi wa shanga nyeupe, za kumfunga mtoto mchanga mkononi. Akazitazama. Hakuziweka horini. Akazifunga kwenye pindo la khanga, akanyanyuka kwa shida, na hakuna aliyempa mkono. Alipopita mbele yangu nikamwamkia, shikamoo bibi, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Marahaba, baba," akaniambia. Macho yake ni mekundu, ya moshi wa miaka mingi. Halafu akaongeza, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa: "Labda sikunawa vizuri."

Sista akatokea mbio, akanibana kwa maswali, nikamwambia nitaangalia, kuna kitu kimelegea. Akafunika pango kwa shuka jeupe, akawatangazia watu kwamba litafunguliwa tena wakati wa sala ya jioni, saa kumi na mbili. Wageni wakapelekwa kwenye madarasa ya shule kupika. Nikapanda baiskeli.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani nimeokoa mtu na nimeokoka mwenyewe, kilichobaki ni kurudi baadaye kubadilisha waya kimyakimya. Nikamsimulia Mwanaidi nusu yake, ile nusu nzuri. Hakunisifu. Akakaa juu ya kigoda akauliza bibi huyo yukoje. Nikamweleza.

"Ndiye," akasema. "Anaitwa Bibi Kalunde. Pale bombani walimwacha anawe peke yake, wa mwisho. Alipomaliza walimwaga maji yote yaliyobaki ndooni wakateka upya. Nikadhani ni uchafu tu. Nikamwuliza yule aliyeniomba ndoo. Kaniambia, mama, usimpe mkono yule."

Basi akaniambia yote aliyoyasikia. Kabla ya kuhamishiwa kijijini Bibi Kalunde aliishi peke yake, mbali, na hakuna aliyekuwa na habari naye. Operesheni ya kuhamia vijijini ilipokuja wakajengewa nyumba kwenye mstari, mlango kwa mlango. Mwaka uleule surua ikaingia, na nyumba ya jirani yake wakazika watoto wawili. Toka hapo wanayatazama macho yake. Hawajasema wazi. Walikuwa wanatafuta neno.

Na leo nimewapa.

Nani hajui kinachowapata vikongwe wenye macho mekundu huko vijijini neno likishasemwa wazi? Sihitaji kuandika. Hata kuandika naogopa. Kesho baada ya misa lori litarudi Puge, na wote wale waliomo watakwenda na hadithi moja midomoni: taa ziliwaitikia wote, zikamkataa yeye. Sasa hivi amekaa darasani pamoja nao. Sijui kama kuna aliyemkaribisha jikoni. Anajiuliza ni wapi hakunawa vizuri.

Nilimwondoa kwenye bati nikamwacha mikononi mwa watu. Huo ndio ukweli wake. Umeme ungemuua mara moja na kila mtu angeona ni umeme. Hiki nilichokifanya mimi hakionekani.

Nimekaa hapa tangu sala ya alasiri najaribu kutafuta njia ndogo. Nimezitafuta zote. Nimwambie Sista pembeni, yeye awaambie ilikuwa hitilafu? Watasema mtawa ana huruma. Nimpelekee bibi zawadi? Nirudishe fyuzi kisirisiri, taa ziwake jioni? Zikiwaka jioni kwa wengine, ndiyo zimezidi kumshuhudia ubaya. Kila njia ndogo inarudi palepale, kwake.

Wakati natoka uani nilimsikia Masanja akizungumza na padre. Alikuwa anasema yeye si mshamba wa mambo haya, amefanya kazi karakana ya reli hapahapa Tabora kabla ya kwenda kijijini. Alikuwa anasema

Ngoja.

Alikuwa anasema, "Nipeni kipande cha waya tu, padre, nitalitazama sanduku la fyuzi kabla ya sala."

Nimeandika sentensi hiyo ndipo nikaisikia. Mchana ilinipita sikioni kama mvua. Kila aliyewahi kushika bisibisi mjini hapa anajua kuweka waya mahali pa fyuzi iliyopotea. Mimi mwenyewe nimewafanyia watu mara ngapi! Masanja atafungua lile sanduku, ataona pengo, atakunja waya wake, ataupachika, na globu zitakuwa tayari. Na nani watamleta mbele kwanza, kujaribu kama kweli alikataliwa?

Saa yangu ya ukutani inasema saa kumi na nusu imepita kidogo.

Nimemwita Mwanaidi kutoka ndani. Nimemwomba alete kopo la majani ya chai lililo chini ya kitanda. Ameleta. Amelitikisa mlangoni, akasikia, akafungua kitambaa mwenyewe. Amezitazama zile betri sita, kisha akanitazama mimi. Ameziweka mezani moja moja, mbele ya daftari hili.

Kidude cha sumaku ninacho hapa. Bisibisi ninayo. Kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Nitakwenda kwanza madarasani, siyo kwa Sista. Nitaitoa fyuzi mfukoni mbele ya wale wote waliokuwa safuni, Masanja akiwemo, yeye anajua umeme, atalitia kipimo lile bati na kuwaambia kama nasema uongo. Nitasema nilichokificha chini ya kitanda na kwa nini. Nitasema bibi huyu alikuwa afe kwa mkono wangu, na taa hazikumkataa, nilizizima mimi. Waniite watakavyoniita. Katibu wa tawi naye ataniita anavyojua, na barazani sijui kama nitakaa tena. Nisiseme uongo kwamba nimepata ushujaa. Sijapata.

Halafu nitafunga betri, na sitamtanguliza mtu yeyote. Nitavua viatu ukutani, nitanawa miguu kwa ndoo ileile, maana nami nitakuwa nimetoka njiani. Nitasimama juu ya bati langu na maji yakichuruzika. Naliogopa bati lile kuliko ninavyowaogopa watu. Lakini kama liko salama, taa zitawaka, na watu wataona zinamwakia mwongo. Watajua basi kwamba hazichagui.

Kisha nitamwomba Bibi Kalunde arudi na shanga zake.

Na asipotaka kurudi? Kwa nini apige magoti tena mahali alipoaibishwa?

Mvua imeshika tena. Betri nimezitia mfuko wa kushoto, fyuzi iko mfuko wa kulia, na Mwanaidi ameshanitolea baiskeli nje, ameishikilia usukani kwenye mvua ile, ananingoja. Haya mengine siwezi kuyaachia kesho.